Kodi ya Mazutu Inatembea: Nani Atakayeibeba?

Maneno yaliyosemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa mji



Nimeombwa kusema nanyi juu ya kodi ya mazutu. Najua wengine watauliza: mambo ya walimaji na wajenzi wa Ulaya yanatuhusu nini sisi watu wa migodi? Nawaomba uvumilivu kidogo. Mimi ni karani. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika lita zinazotoka katika tangi, pamoja na namba ya kamio inayozipokea. Kwa hiyo nimezoea kuuliza kila lita imekwenda wapi. Leo nataka tuulize vile vile juu ya kodi. Serikali ikiiweka juu ya lita ya mazutu, kodi hiyo inakwenda wapi? Mwisho wa safari nani anaitoa mfukoni mwake?

Katika miaka ya karibuni Serikali tatu kubwa za Ulaya zimeshika jambo hili. Uingereza mwaka 2022, Ujerumani na Ufaransa mwaka 2024, zote zilitaka kuwaondolea walimaji ama wajenzi msamaha wa kodi ya mazutu waliokuwa nao tangu zamani. Kila Serikali ilifanya kwa njia yake, na kila moja ilivuna ilichopanda. Tukiyatazama mambo hayo pamoja tutaona kwamba kodi haikai mahali ilipowekwa. Inatembea. Inapita toka mkono huu hata mkono ule, mpaka imkute mtu asiye na mwingine wa kumpa. Huyo ndiye anayeilipa.

MSAMAHA HUU NI KITU GANI?

Katika nchi za Ulaya kodi ya mazutu ni kubwa sana. Watu wengi huielewa kama malipo ya barabara: mwenye gari anakanyaga barabara na kuiharibu, basi alipe. Lakini trakta inayolima shambani haimo barabarani. Na mashini ya kuchimba udongo, ile tunayoiita pele, ikichimba msingi wa nyumba haimo barabarani pia. Ndiyo sababu Serikali nyingi ziliwapa walimaji na wajenzi mazutu yenye kodi ndogo. Ni mazutu yale yale, na mashini inayachoma vile vile, lakini yametiwa rangi ili yajulikane. Uingereza na Ufaransa rangi hiyo ni nyekundu. Watu wa forodha wakiikuta katika tangi la gari linalosafiri barabarani, mwenye gari ana kesi.

Tazameni hesabu. Uingereza, tarehe 1 Aprili 2022, kodi ya mazutu ya kawaida ilikuwa peni 52.95 kwa lita moja, na kodi ya mazutu mekundu peni 10.18 tu. Ufaransa, kabla ya mwaka 2024, mjenzi alilipa kodi ya senti 18.82 za euro kwa lita. Mlimaji alirudishiwa sehemu kubwa ya fedha hiyo, hata akabaki na senti 3.86. Ujerumani hakuna rangi kwa mlimaji: alinunua mazutu kama watu wote, pamoja na kodi ya senti 47.04, halafu akapeleka karatasi zake na kurudishiwa senti 21.48 kwa kila lita.

Basi kwa nini Serikali zilitaka kuondoa msamaha? Zilikuwa na sababu mbili, na zote mbili ni za kweli.

Ya kwanza ni fedha. Serikali ya Uingereza ilisema kwamba mazutu mekundu yanaipotezea sanduku lake karibu paundi bilioni 2.4 kila mwaka. Fedha hiyo ni nyingi, nayo inaweza kujenga shule na hospitali.

Ya pili ni moshi. Serikali hiyo hiyo ilihesabu kwamba mazutu mekundu ni karibu asilimia 15 ya mazutu yote ya nchi, na kwamba yanatoa hewani karibu tani milioni 14 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mazutu yakiwa rahisi, mtu hana haraka ya kutafuta mashini inayokunywa kidogo. Anaiacha ile ya zamani inguruma mchana kutwa, hata saa ya kula.

Kwa hiyo sikuja hapa kuwacheka wakubwa wa Ulaya. Msamaha wa kodi si amri ya Mungu. Umetolewa na watu, na watu wanaweza kuuondoa. Neno ni hili: unauondoa kwa nani, kwa haraka gani, na huyo atafanya nini siku ya pili yake?

UINGEREZA: WAJENZI WALIPOTEZA, WALIMAJI WALIBAKI

Rishi Sunak, ambaye wakati ule alikuwa waziri wa fedha, alitangaza habari hii mwezi wa Machi 2020. Aliwapa watu miaka miwili wajitayarishe. Tarehe 1 Aprili 2022 sheria ikaanza. Wajenzi wakapoteza mazutu mekundu. Wachimbaji wa mawe na madini wakapoteza pia, na mashini za bandarini vile vile. Walimaji wakabaki nayo, pamoja na watu wa misitu, wafugaji wa samaki na treni. Hata sarakasi zinazosafiri na viwanja vya golf vilibaki nayo. Mtu anaweza kuuliza: mashini ya kukata majani katika uwanja wa golf ina msamaha, na mashini inayochimba msingi wa hospitali haina; hiyo ni haki ya namna gani?

Sasa tuhesabu kama makarani. Toa peni 10.18 katika peni 52.95, zinabaki peni 42.77 kwa lita. Tuseme pele moja inakunywa lita 100 kwa siku. Hapo mwenye pele anaongeza paundi 42.77 kila siku. Kama ana mashini 5, na zinafanya kazi siku 20 katika mwezi, ni paundi 4,277 kwa mwezi. Fedha hiyo hakuwa nayo katika hesabu yake ya zamani.

Tena siku yenyewe ilikuwa mbaya. Tarehe 24 Februari 2022 jeshi la Urusi liliingia Ukraine, na bei ya mazutu ikapanda katika dunia nzima. Wajenzi wa Uingereza waliomba Serikali ingoje kidogo. Tarehe 23 Machi Serikali ilipunguza kodi ya mazutu ya kawaida kwa peni 5, lakini tarehe 1 Aprili haikuiondoa mahali pake. Hivi wajenzi walipata mizigo miwili katika majira yale yale: wa vita na wa kodi.

Basi nani aliilipa kodi ile? Hapa ndipo tuone namna inavyotembea.

Mjenzi aliyeandika mkataba mpya baada ya sheria aliingiza kodi katika bei. Aliyejengewa nyumba ndiye aliyelipa, ama mji uliojengewa shule. Lakini mjenzi aliyeweka mkono juu ya mkataba zamani, kwa bei isiyobadilika, alikuwa na nani? Mwenye nyumba alimwonyesha karatasi na kumwambia: tulipatana hivi. Huyo kodi ilifika kwake ikakaa. Kampuni kubwa yenye mikataba hamsini inaweza kupoteza katika mmoja na kupata katika mwingine. Mtu mwenye pele moja na mkataba mmoja hana mahali pa kupumua.

Mwenye kuchimba mawe naye alipandisha bei ya mawe na kokoto, maana mashini zake pia zilipoteza msamaha. Kwa hiyo mjenzi aliilipa kodi katika tangi lake mwenyewe, halafu akaikuta tena ndani ya bei ya kokoto. Kodi iliyoandikwa mara moja katika sheria inaweza kulipwa mara mbili tatu njiani.

Tena kulikuwa na taabu ya kazi yenyewe. Ilibidi matangi na mipira ya mashini isafishwe mpaka rangi nyekundu isionekane hata kidogo. Na sheria ilitazama kazi, haikutazama mashini tu. Pele ikichimba mfereji wa maji kwa shamba la mlimaji, ina ruhusa ya mazutu mekundu. Pele hiyo hiyo ikivuka njia kwenda kuchimba msingi wa nyumba, lazima iwe na mazutu ya kodi kamili. Mtu mwenye mashini moja inayofanya kazi huku na huku alipaswa kupanga siku zake kwa hesabu ya tangi.

Lazima niseme na upande mwingine, maana haki inataka hivyo. Mazutu yalipokuwa ghali, wajenzi walianza kuangalia vitu walivyokuwa hawaviangalii. Walizima mashini saa za kungoja. Walitafuta kuunganisha umeme wa mji mapema mahali pa kazi, badala ya kuwasha jenereta miezi mingi. Wengine walijaribu mashini ndogo za betri, na mafuta yanayotokana na mimea. Hayo ndiyo Serikali iliyokuwa ikiyataka, na ni mema. Lakini mashini kubwa ni mali ya miaka mingi; hainunuliwi kama shati. Mwenye fedha aliweza kugeuka. Asiye nayo alilipa tu, akaendelea na mashini yake ya zamani.

UJERUMANI: MLIMAJI HANA WA KUMPA

Ujerumani habari ilikuja kwa njia nyingine, nayo ilikuja ghafula. Tarehe 15 Novemba 2023 mahakama kubwa ya katiba ilikataza Serikali kutumia fedha euro bilioni 60 kwa namna ilivyokuwa imepanga. Mara sanduku likawa na tundu. Tarehe 13 Desemba Serikali ya Olaf Scholz ilitangaza kwamba, pamoja na mambo mengine, itaondoa fedha inayorudishwa kwa walimaji juu ya mazutu, na itatoza kodi ya magari juu ya matrakta, ambayo hayakuwa yakitozwa.

Hapo hapakuwa na miaka miwili ya kujitayarisha. Siku tano baadaye, tarehe 18 Desemba, matrakta yalikuwa Berlin. Tarehe 4 Januari 2024 Serikali ilirudi nyuma nusu ya njia. Ilisema: kodi ya magari tunaiacha, na msamaha wa mazutu tutauondoa kwa sehemu tatu, asilimia 40 mwaka 2024, asilimia 30 mwaka 2025, na asilimia 30 mwaka 2026. Walimaji hawakuridhika. Toka tarehe 8 Januari walifunga barabara juma zima, na tarehe 15 walijaa tena Berlin. Hata hivyo sheria ilipita mwezi wa Machi. Halafu Serikali ikabadilika: ile ya Friedrich Merz, iliyoingia mwezi wa Mei 2025, ilikuja na ahadi iliyoandikwa katika mapatano ya vyama vyake, kwamba msamaha utarudishwa wote.

Mlimaji anayechoma lita 10,000 kwa mwaka alikuwa akirudishiwa euro 2,148. Mtu wa mji atasema: je, kwa fedha hiyo watu wafunge nchi? Nami niliuliza hivyo kwanza. Lakini fikirini jinsi mlimaji anavyouza.

Mjenzi, hata akiwa na shida, mkataba wake wa pili anaandika bei mwenyewe. Mlimaji haandiki bei. Ngano ina bei ya soko kubwa la dunia, na mlimaji anaisikia redioni kama sisi tunavyosikia bei ya shaba. Maziwa yana bei ya kiwanda kinachoyanunua, na kiwanda nacho kinasukumwa na magazini makubwa ya mjini. Mlimaji akienda kwa mnunuzi na kusema, mazutu yangu yamepanda, nipe senti mbili zaidi, mnunuzi atamwambia: jirani yako wa nchi nyingine bado ana msamaha, nitanunua kwake. Basi arudi na gunia lake nyumbani? Hawezi, ngano haili nyasi ikangoja. Atauza kwa bei ile ile, na kodi itabaki mkononi mwake.

Ndiyo sababu nasema kodi inatembea mpaka imkute asiye na mwingine wa kumpa. Juu ya mashamba, safari ya kodi ni fupi. Inafika kwa mlimaji, inakaa.

Tena tusidanganyane: hawakupiga kelele kwa ajili ya mazutu peke yake. Walikuwa wamechoka na bei ndogo, na karatasi nyingi, na sheria mpya kila mwaka. Mazutu yalikuja juu ya taabu zilizokuwa zimekwisha kupangwa kama magunia juu ya kamio. Serikali iliyaona magunia mia, ikasema: moja zaidi si kitu. Lakini kamio lina kipimo chake. Wazee husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiwa juu ya kichwa cha mwingine unaonekana mwepesi.

UFARANSA: NDUGU WAWILI, MMOJA AKASIKILIZWA

Sasa tufike Ufaransa, maana huko walimaji na wajenzi walitiwa katika sheria moja, na mwisho wao haukuwa mmoja.

Serikali ya Ufaransa ilikuwa imetaka kuwaondolea wajenzi msamaha toka tarehe 1 Januari 2019. Lakini tarehe 17 Novemba 2018 watu waliovaa vizibao vya njano walianza kufunga njia kwa sababu ya kodi za mafuta, na nchi nzima ikatetemeka. Mpango wa wajenzi ukawekwa kando. Baadaye ukaandikwa tena, ukaahirishwa, ukaahirishwa mara nyingine.

Mwisho sheria ya fedha ya mwaka 2024 ilichukua njia ya polepole. Kodi ya mazutu ya wajenzi ingepanda senti 5.99 kwa lita kila mwaka, toka mwaka 2024 hata 2030. Ya walimaji ingepanda senti 2.85 kila mwaka. Hesabuni pamoja nami. Miaka saba mara senti 2.85 ni senti 19.95, mlimaji angetoka senti 3.86 na kufika senti 23.81. Miaka saba mara senti 5.99 ni senti 41.93; mjenzi angetoka senti 18.82 na kufika senti 60.75, na hapo msamaha wake umekwisha kabisa. Kwa lita 10,000 mlimaji angeongeza euro 285 mwaka wa kwanza, na mjenzi euro 599.

Njia ya polepole ni afadhali kuliko ya ghafula, hilo nalikubali. Mtu anaona mbele, anaandika mikataba yake vizuri, ananunua mashini nyingine wakati ile ya zamani imekufa. Lakini polepole peke yake haikutosha. Tarehe 18 Januari 2024 walimaji walifunga barabara kubwa ya A64 karibu na Carbonne, upande wa kusini wa Toulouse. Moto ukaenea mikoa mingi. Tarehe 26 Januari Gabriel Attal, waziri mkuu aliyekuwa na siku 17 tu katika kiti chake, alikwenda mpaka shamba moja la Montastruc-de-Salies. Akasimama mbele ya walimaji akawaambia kwamba nyongeza ya kodi ya mazutu yao imefutwa. Tena akaahidi kwamba msamaha utatolewa papo hapo mahali pa kununulia, ili mlimaji asingoje miezi kurudishiwa fedha yake.

Na wajenzi? Nyongeza yao ilibaki. Makampuni madogo ya ujenzi yalipewa msaada fulani, lakini sheria haikufutwa kwao. Ndugu wawili waliingia katika nyumba ya hakimu siku moja. Mmoja akatoka huru, mwingine akaambiwa alipe.

Wengine watasema: ni kwa sababu walimaji wanalisha nchi. Kuna kweli ndani yake, na nimekwisha kueleza kwamba mlimaji hana wa kumpa kodi. Lakini mjenzi mdogo mwenye mkataba wa zamani naye hana. Tofauti kubwa ni kwamba walimaji walikuwa na sauti moja, na trakta ni kitu kinachoonekana barabarani. Mwenye pele moja katika mtaa fulani, anayekopa ili alipe watu wake watatu, hakuna kamera inayomfuata. Serikali inayopima haki kwa urefu wa foleni ya matrakta inawafundisha watu wote neno moja: asiyefunga njia hasikilizwi. Fundisho hilo ni baya kwa nchi, na nchi hulilipia kwa muda mrefu.

NA SISI TUKO WAPI?

Sasa turudi kwetu, kama nilivyoahidi.

Sheria ya Migodi ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inayapa makampuni ya migodi ushuru mdogo wa forodha juu ya mazutu wanayoingiza kwa kazi yao. Kwa hiyo mgodi nao una msamaha wake, kama trakta ya Ufaransa. Na mnajua ninyi wenyewe jinsi makamio makubwa ya shimoni yanavyokunywa.

Tuseme siku moja mtu wa Kinshasa aamke na kusema: msamaha huu uondolewe. Wengi wetu tutashangilia, tukisema: vema, kampuni kubwa zilipe. Huenda ni vema kweli. Fedha isiyoingia katika sanduku la Serikali ni fedha isiyojenga shule, na kampuni kubwa si maskini wa kuhurumiwa. Lakini ulizeni swali letu: kodi hiyo itatembea kwenda wapi?

Shaba haina bei ya Kolwezi wala ya Likasi. Bei yake inatengenezwa katika soko la metali la London. Mgodi hauwezi kumwambia mnunuzi: mazutu yangu yamepanda, ongeza. Upande huo mgodi ni kama mlimaji wa ngano. Juu yake mlango umefungwa. Basi utatazama chini. Wenye mali wanaweza kukubali faida ndogo zaidi, na hilo ndilo Serikali ingetaka. Lakini wanaweza pia kupunguza saa za ziada, kukata bei ya makampuni madogo wanayoyapa kazi, na hayo yakakata mishahara ya watu wao. Mfanyakazi wa mkataba wa miezi mitatu, huyo ndiye asiye na mwingine wa kumpa.

Na upande mwingine, mwenye kamio anayeleta unga kwa njia ya Kasumbalesa, bei ya mazutu ikipanda, ataiandika juu ya gunia. Mama wa soko ataiandika juu ya kipimo. Nasi tukifika sokoni jioni tutaikuta pale inatungoja. Hivi mfanyakazi anaweza kukutwa na kodi hiyo hiyo mara mbili: asubuhi katika mshahara, jioni katika chungu.

Sisemi kwa hiyo kwamba misamaha yote ikae milele. Ningesema hivyo ningekuwa wakili wa wenye matangi. Nasema jambo hili lifanywe kwa macho yaliyofunguka. Mambo ya Ulaya yametuonyesha maswali manne ya kuuliza, na karani yeyote anaweza kuyaandika katika daftari lake.

La kwanza: msamaha huu uko mikononi mwa nani, na kila mmoja anapata kiasi gani? Usiseme tu "walimaji" ama "migodi". Mwenye lita milioni na mwenye lita elfu hawako sawa, hata kama wana jina moja.

La pili: huyo anayeondolewa msamaha anaweza kumpa nani mzigo? Kama anaandika bei yake mwenyewe, tutaulipa sisi wanunuzi. Kama hawezi kuiandika, atawatazama walio chini yake. Sheria njema inaangalia huyo wa chini kwanza.

La tatu: wametoa muda gani? Mikataba iliyokwisha kutiwa mkono itafanywaje? Uingereza ilitoa miaka miwili, lakini haikusogea hata vita vilipokuja. Ujerumani ilitaka kwa majuma machache, ikavuna matrakta. Ufaransa ilitoa miaka saba, lakini haikusema na watu mpaka walipofunga njia.

La nne: fedha itakayopatikana itakwenda wapi, na nani atatuonyesha hesabu? Mtu aliyetolewa senti yake akaona barabara nzuri ya kupeleka mahindi, ananung'unika kidogo. Aliyetolewa asione kitu, ana haki ya kunung'unika sana.

Ndugu zangu, mara nyingi tukisikia redioni habari za kodi, tunauliza neno moja tu: lita itakuwa bei gani? Hilo ni swali la mtu anayetazama bomba. Tutazame pia mpira unaotoka katika bomba, na tangi, na kamio, na gunia juu ya kamio, na mtu anayelibeba gunia. Mwandikieni jina huyo wa mwisho. Na mkubwa akija kutuomba kura ama kutueleza sheria mpya, tumsomee jina hilo, tumwulize amempangia nini.